Kwa nini mikarafuu huzaa mwaka huu na kupumzika mwakani

Msimu mkubwa ukiingia, Pemba nzima hunukia karafuu. Majamvi hutandazwa uani, kando ya barabara, hata kwenye viwanja vya mpira. Wachumaji hutafutwa kwa udi na uvumba, na skuli zimewahi kufungwa ili watoto wasaidie kuchuma. Mwaka unaofuata mikarafuu ile ile, ya mwenyewe yule yule, inatoa vishada vya kuhesabika huko juu, na mwenye shamba hapati hata cha kumlipa mpaliliaji. Hapo maneno huanza. Huyu atasema shamba limetupiwa jicho, yule atalaumu mbolea, na wa tatu atasema mikarafuu imechoka. Wa tatu ndiye aliye karibu na ukweli. Makala hii inaeleza mti unachokaje, kwa nini mingi huchoka kwa pamoja, na mwenye shamba afanye nini mwaka wa uhaba usije ukamkuta mikono mitupu.

Mahali pa kuanzia ni Kizimbani, kilomita kumi na kitu kutoka Mji Mkongwe, jirani na Dole na Kidichi. Wageni hupelekwa huko kunusa mdalasini na kupiga picha na vanila, lakini kwa mkulima Kizimbani ni mahali pa utafiti wa kilimo na pa chuo cha kilimo, na ni miongoni mwa mashamba ya mwanzo kabisa ya mikarafuu kisiwani. Historia inamtaja Saleh bin Haramil al-Abry, tajiri wa Kiomani, kuwa ndiye aliyeileta miche Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, takriban mwaka 1812, akaipanda Mtoni na Kizimbani. Sultani Seyyid Said baadaye alimnyang'anya mashamba hayo, akajenga hamamu Kizimbani ambayo magofu yake yapo hadi leo, kisha akawaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi.

Miche hiyo nayo ilikuwa na safari yake. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako Waholanzi waliulinda kwa ukali mkubwa. Mwaka 1770 watu wa Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa kisiwani Mauritius, walifanikiwa kuitoa miche na mbegu kwa siri. Iliyosalimika ilikuwa michache. Kutoka huko ikaenea Bourbon, yaani Réunion ya leo, ndipo ikafika kwetu. Kwa hiyo mikarafuu ya Unguja na Pemba ni jamaa wa karibu sana, wajukuu wa mababu wachache, na hilo tutalihitaji mbele.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Karafuu tunayoianika si tunda wala si mbegu. Ni ua ambalo halijafunguka. Shada la maua hayo hutoka kwenye ncha ya kitawi, wala halitoki ubavuni wala kwenye shina. Hili ni jambo dogo lenye matokeo makubwa. Ncha iliyokwisha kutoa shada haiwezi kutoa jingine pale pale. Mti hauna budi kuchipua upya pembeni yake, majani yale mekundu machanga yatoke, yakomae yawe ya kijani kibichi, ndipo ncha mpya iwe tayari kubeba. Mti uliobeba karibu kila ncha mwaka huu utaingia mwakani ukiwa na ncha chache zilizokomaa. Mti uliobeba nusu una nusu nyingine akiba. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza sehemu kubwa ya kinachowashangaza watu.

Sehemu iliyobaki ni chakula. Mti hutengeneza wanga kwa majani na kuuhifadhi ndani ya mbao na mizizi, pamoja na naitrojeni na madini mengine. Mwaka wa kuzaa sana hifadhi hiyo hukombwa. Baada ya hapo mti hutanguliza uhai wake: majani kwanza, mizizi kwanza, maua baadaye. Ukiona mkarafuu uliozaa mno umejaa majani mapya tu mwaka wa pili, usiukate kwa hasira. Unalipa deni, na majani hayo ndiyo malipo yenyewe.

Kwenye miti inayobeba matunda hadi yaive kuna jambo la tatu. Mbegu changa ndani ya tunda hutoa homoni, mojawapo ikiwa jiberelini, zinazozuia vichipukizi vya jirani visigeuke kuwa maua. Mwembe uliosheheni unajizuia wenyewe kwa njia hiyo, na ndiyo maana baadhi ya miembe huzaa kwa kupokezana, mwaka mmoja sana, mwaka wa pili kidogo. Mibuni ya Kilimanjaro na Kagera nayo ina tabia hiyo, na wakulima wa huko wanapanga maisha yao kwa kuijua. Mkarafuu unaochumwa vizuri haufikii hatua ya mbegu, kwa hiyo sababu hii inauhusu kidogo tu. Lakini karafuu zilizoachwa mtini kwa kukosa wachumaji huchanua na kuwa matunda, na hapo mti unatozwa mara mbili. Kwa maoni yangu hili halisemwi vya kutosha mashambani: karafuu usiyoichuma mwaka huu inakula pia za mwaka ujao.

Ulinganishe na mnazi upate kuona tofauti. Mnazi hutoa jani jipya karibu kila mwezi, na kwapani mwa kila jani kuna kole lake. Hauna mwaka wa kupumzika. Ukame haudhihiriki kwake mara moja, kwa kuwa nazi huchukua kama mwaka mzima tangu ua hadi kukomaa na kole lenyewe lilianza kuumbwa ndani ya kilele miaka kabla ya kuonekana. Mkulima wa minazi hupungukiwa leo kwa jua la juzi ambalo ameshalisahau. Mkulima wa mikarafuu huona neema na uhaba waziwazi, kwa zamu.

Hadi hapa tumeeleza mti mmoja. Lakini kama kila mti ungekuwa na zamu yake, shamba zima lingetoa wastani ule ule kila mwaka: huu ukizaa, ule ukipumzika. Kinachotokea Zanzibar ni kinyume chake. Kisiwa kizima huzaa pamoja na kisiwa kizima hupumzika pamoja, na wazee na watafiti wamezoea kusema kwamba msimu mkubwa huja kila baada ya miaka minne hivi, na misimu ya kati na midogo katikati yake.

Anayeipangia miti saa ni hali ya hewa. Ncha iliyokomaa inahitaji kipindi cha ukavu ili ikate shauri la kutoa maua badala ya majani. Kiangazi cha kaskazi, baada ya vuli na kabla ya masika, kikiwa kikavu sawasawa, ncha nyingi hugeuka maua kwa wakati mmoja. Mvua ikinyesha ovyo miezi hiyo, mti huendelea kuchipua majani. Tangu vishada vionekane hadi kuchuma ni kama miezi mitano au sita, na ndiyo maana uchumaji huanza kwenye Julai au Agosti na unaweza kufika Januari, mara nyingine kwa mikupuo miwili. Mvua hainyeshi shamba moja moja. Kaskazi nzuri huikuta mikarafuu yote ikiwa na ncha tayari, yote ikazaa, yote ikafilisika, na kuanzia hapo yote iko kwenye zamu moja. Ongeza na kule kuwa jamaa wa karibu, kunakoifanya iitikie hali moja kwa namna moja.

Historia nayo imechangia. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kuangusha mikarafuu mingi sana. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu wakati huo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Mashamba ya Unguja yalipopandwa upya, yalipandwa katika kipindi kimoja, kwa hiyo umri wa miti ukakaribiana. Baadaye mikarafuu ilikumbwa na ugonjwa wa kufa ghafla uliowashughulisha watafiti kwa muda mrefu, na mapengo yakajazwa tena kwa mikupuo. Kisha baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikagawiwa eka tatu tatu. Tajiri wa zamani mwenye mashamba Bumbwini, Mkoani na Wete aliweza kufidia uhaba wa huku kwa neema ya kule. Mwenye eka tatu ana mti wake mbele ya macho yake, na ukipumzika anapumzika nao.

Tabia hii si ya mikarafuu peke yake wala si ya mashambani tu. Misitu ya Borneo hukaa miaka bila mbegu za maana, halafu miti mikubwa ya jamii mbalimbali huchanua karibu kwa pamoja, mara nyingi mwaka wa El Niño unapoleta ukavu. Mialoni ya Ulaya hufanya vivyo hivyo kwa vipindi vyake. Wataalamu wa misitu wana maelezo mawili wanayoyatilia uzito. La kwanza, wanyama na wadudu wala mbegu hukonda miaka ya uhaba, wakapungua, na neema inapokuja ghafla hawawezi kuzimaliza, kwa hiyo nyingine huota. La pili, miti inayotegemea upepo kuchavusha hupata chavua nyingi zaidi ikichanua pamoja. Maelezo hayo ni mazuri kwa msitu. Mkarafuu wa Kizimbani hauhitaji chavua ya mbali, kwani huweza kujichavusha, na mlaji wake mkuu ni binadamu anayeuchuma kabla haujachanua. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mikarafuu hukataa kuzaa ili kuwashinda wadudu, mwulize wadudu gani. Kwetu sababu zenye nguvu ni ncha, hifadhi na ukavu.

Kwa nini haya yamhusu msomaji? Kwa sababu mambo mengine tunayafanya wenyewe, na la kwanza ni uchumaji. Mchumaji analipwa kwa uzito, na mti wa mita kumi na zaidi haupandwi kwa raha. Kwa haraka, tawi huvutwa hadi likavunjika, likachumwa chini. Siku hiyo kilo zinaongezeka. Lakini tawi lililovunjika limeondoka na ncha zake zote, za mwaka huu na za miaka mitatu ijayo. Mwaka mkubwa ndio wenye wachumaji wageni na haraka nyingi, kwa hiyo ndio unaoharibu matawi zaidi, na kile kishindo cha neema na uhaba kinazidi kuwa kikali kuliko ambavyo mti wenyewe ungefanya. Kubaliana na wachumaji kabla ya kuanza, wala si baada ya kukuta matawi chini: ngazi na upembo wa kuvutia taratibu, kamba ya kufungia tawi, shada likatwe kwenye kikonyo chake, majani yaliyo chini ya shada yaachwe. Mlipe kidogo zaidi asiyevunja, utazipata pesa zako miaka miwili mbele. Tena uchumaji wa pupa ndio unaoangusha watu, na kuanguka kutoka kwenye mkarafuu hakuna mchezo.

La pili ni chakula cha mti, na hapa wengi hukosea wakati. Mbolea hupewa mti unapoonekana na maua, kana kwamba ni zawadi. Mti wenye njaa ni ule uliotoka kuzaa. Mara uchumaji ukiisha, kabla mvua hazijakolea, weka samadi iliyooza au mboji, na utandaze majani makavu chini ya mti. Usiirundike shinani. Mizizi ya kulia chakula ni myembamba na iko juu juu, imeenea chini ya kivuli cha matawi na kupita, kwa hiyo huko ndiko pa kuweka. Kwa sababu hiyo hiyo usilime kwa jembe chini ya mkarafuu. Fyeka majani kwa panga uyaache hapo hapo yaoze. Mkarafuu haupendi miguu yake ikae kwenye maji, na bonde lisilo na mfereji halitarekebishwa na mbolea ya aina yoyote.

Kuna wanaouliza kama mti unaweza kulazimishwa. Kwa mwembe, ndiyo: Ufilipino wanapuliza nitreti ya potasiamu kwenye majani na miembe ya aina fulani huchanua nje ya msimu, ugunduzi wa Ramon Barba wa miaka ya 1970. Usichukue dawa ya mwembe ukaipulizia mikarafuu kwa kubahatisha. Aina za miembe zenyewe haziitikii sawasawa, sembuse mti wa jamii nyingine, na mti uliofilisika ukilazimishwa kuchanua unaweza kuishia kukauka matawi.

La tatu ni kutabiri. Huhitaji chombo chochote. Kuanzia Februari hadi Aprili angalia ncha za vitawi kwenye miti yako, upande wa jua na upande wa kivuli, chini na juu. Ncha yenye majani mapya mekundu haitazaa msimu huo. Ncha iliyokaza, yenye vitone vidogo vya kijani vinavyoanza kugawanyika, ina shada. Chukua miti michache iliyotawanyika, hesabu ncha mia kwa kila mmoja, andika ngapi zina shada. Ukifanya hivyo mwaka hadi mwaka kwenye daftari moja, pamoja na kilo ulizopata, utakuwa na kipimo cha shamba lako kilicho bora kuliko uvumi wa barazani. Utajua mapema uagize majamvi mangapi, utafute wachumaji wangapi, au ujikaze kibwebwe.

Daftari lina faida ya pili. Takwimu zinazosikika redioni ni za karafuu zilizonunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la Serikali lililoanzishwa 1968 na ambalo ndilo lenye haki ya kununua karafuu. Ununuzi na uzazi ni vitu viwili. Miaka ambayo bei ya ndani ilikuwa duni, karafuu nyingi zilipita kwa magendo kwenda Kenya, na vitabu vya Serikali vikaonyesha uhaba ambao miti haikuujua. Kwa hiyo usipime tabia ya miti yako kwa tarakimu za taifa.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mwaka mkubwa una pesa nyingi na gharama nyingi, kwa kuwa ujira wa kuchuma hupanda kila mtu anapohitaji wachumaji siku zile zile. Bei inayotangazwa kwetu hufuata soko la dunia, na soko hilo linaendeshwa zaidi na Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ambayo karafuu zake nyingi huishia ndani ya sigara zake za kretek. Indonesia nayo ina miaka ya neema na ya uhaba, na zamu yake haifuati yetu. Unaweza kuvuna sana bei ikiwa chini, au kukosa bei ikiwa juu. Mwenye eka tatu hawezi kuibadilisha Jakarta, lakini anaweza kupanda pilipili manga, vanila, mdalasini na migomba kati ya mikarafuu, kama inavyoonekana Kizimbani kwenyewe. Mgomba haujui zamu ya mkarafuu, na unaupa mche mchanga kivuli. Vanila ina kazi ya kuchavusha kwa mkono ua kwa ua, asubuhi, kwa hiyo usiipande ukiwa huna mtu wa kuamka.

Imebaki mbegu, ambazo ndizo zinazoathirika zaidi na zamu hii na ndizo zinazosahauliwa zaidi. Mkarafuu hupandwa kwa mbegu, na kwa kuwa kila ua huchumwa kabla ya kufunguka, hakuna mbegu isipokuwa pale mtu alipoamua kuiacha. Mwaka wa uhaba mwenye njaa huchuma hadi ncha ya mwisho, na vitalu vya mwaka unaofuata hukosa cha kuotesha. Na mbegu ya karafuu haihifadhiki. Ikikauka imekufa, baada ya kuiva inakaa siku chache tu, wiki moja au zaidi kidogo. Huwezi kuweka akiba ya mwaka mkubwa kwenye chupa kama mahindi.

Kwa hiyo chagua miti ya mama mapema, ukitumia lile daftari. Usidanganywe na mti uliosheheni mwaka mmoja kisha ukapotea. Chagua ule unaotoa kiasi cha haja hata miaka midogo, wenye afya, usio na matawi makavu kileleni. Acha tawi moja au mawili bila kuchuma, uyafunge utepe ili mchumaji asiyaguse. Matunda huiva kama miezi mitatu baadaye, yakawa na rangi ya zambarau iliyokolea, na ndege nao watayaona, kwa hiyo pita kila siku mbili. Yaliyoiva yaloweke usiku mmoja, uyamenye nyama, na upande mbegu siku hiyo hiyo kwenye mifuko ya udongo uliochanganywa na mboji, chini ya kivuli cha makuti. Usiizamishe sana mbegu. Udongo uwe na unyevu bila kutota. Huota baada ya wiki kadhaa, na mche huhitaji mwaka na zaidi kitaluni huku kivuli kikipunguzwa kidogo kidogo, ndipo uhamishwe mwanzoni mwa masika. Utaanza kuzaa ukiwa na miaka sita hadi minane. Asiyetaka kusubiri kitaluni aulize kwa bwanashamba au bibishamba wa shehia yake: Serikali imekuwa ikitoa miche ya mikarafuu bure kutoka vitalu vyake, lakini navyo hupungukiwa mbegu miaka ile ile ambayo wewe hupungukiwa, kwa hiyo peleka jina lako kabla masika hayajaingia.